Nani Aweke Simu Chini Kwanza

Hapo zamani, yaani juzi tu, kabla masika hayajaanza, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Tafadhali. Usiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alipiga simu kuulizia mipaka yake, akaombwa asubiri kidogo kwenye laini, na kwa habari tulizo nazo bado anasubiri, ndevu zimemfika kifuani.

Watu wa Tafadhali walikuwa na adabu nyingi, na karibu yote waliiweka kwenye simu. Mtoto wa huko alijua kushika mkonga wa simu kabla hajajua kushika kijiko. Simu ya mkubwa ilipokelewa kwa kusimama. Simu ya mkubwa sana ilipokelewa kwa kusimama na kufunga vifungo vyote vya shati, hata cha shingoni. Na kanuni iliyozidi kanuni zote, iliyobandikwa mpaka kwenye vyoo vya shule, ilisema mdogo haweki simu chini kabla ya mkubwa wake. Mkubwa akiridhika, anakata. Mdogo anasikia ule mlio mrefu wa laini tupu, anaushukuru, ndipo naye anaurudisha mkonga mahali pake kwa mikono miwili.

Aliyekuwa juu ya wote, Mtukufu Rais, hakuwa na wa kumsubiri. Ndiyo maana katika vyeo vyake, baada ya Baba wa Mito na Mlezi wa Barabara Zitakazojengwa, palikuwa na cheo cha Mkata Simu wa Kwanza. Simu za mkononi zilikuwa zimepigwa marufuku mapema, baada ya wataalamu kugundua kwamba mtu angeweza kumkatia waziri akiwa amelala chali. Na aliyethubutu kumkatia waziri kwa simu yoyote alihukumiwa kusubiri maisha: alifungiwa chumbani, mkonga sikioni, akisikilizishwa hotuba ya waziri huyohuyo juu ya subira mpaka Mungu amchukue.

Katika Wizara ya Dharura hakuna aliyeipenda adabu hiyo kama Bi Zawena Mpingi, mkuu wa swichibodi. Wizara ilikuwa na simu mezani kwa kila mtu, hata kwa mtu aliyekwisha kufa, lakini njia za kutokea nje zilikuwa laini sita tu, na zote zilipitia kwenye ubao wa Zawena. Kila laini ilikuwa na taa yake. Taa ikizimika, laini iko huru. Ikiwaka nyekundu, kuna watu juu yake. Zawena alikaa mbele ya taa hizo kama bibi harusi mbele ya kioo, vidole vina hina, sauti imepashwa moto kwa chai ya tangawizi. Sauti yenyewe ilikuwa imenaswa kwenye kanda, na mtu akikuta laini zote zimejaa, kanda ilimwambia: "Asante kwa kupiga simu Wizara ya Dharura. Laini zote zinatumika. Dharura yako ni muhimu kwetu. Tafadhali endelea nayo."

Alikuwa pia mkali. Karani mmoja, Lusimbi, aliwahi kuweka simu chini kabla ya mkurugenzi wake, kwa tofauti ndogo kama ya kupepesa jicho. Zawena alilisikia kosa hilo kwenye laini, akalipeleka mbele. Lusimbi akahamishiwa milimani kuwa mlinzi wa Bwawa la Heshima.

Bwawa hilo lilikuwa kazi kuu ya Wizara. Maji yakizidi, lango lilipaswa kufunguliwa ili yateremke taratibu upande wa mashamba matupu. Lisipofunguliwa, yangeruka ukuta na kushukia mtaa wa Bondeni, ambako Zawena alizaliwa na ambako mama yake, Bi Chausiku, alikuwa bado anashona nguo barazani. Lango lilifunguliwa kwa ruhusa, na ruhusa ilikuwa sauti ya Waziri mwenyewe, kwenye simu. Barua inaweza kughushiwa, sheria ilieleza, lakini kikohozi cha Waziri, Mheshimiwa Makeke, hakuna awezaye kukiigiza.

* * *

Mambo yaliharibika kwa sababu ya usawa.

Siku ya jubilei yake, mbele ya mawaziri wote, Rais alipigiwa Wimbo wa Taifa. Huo ulikuwa wimbo wenye heshima ya kutisha. Ulipigwa mara moja tu kwa siku, kwani kuurudia kulihesabiwa kuwa ni kuushangilia kwa dhihaka, na ulipopigwa, sheria ilitaka kila mtu na kila kitu kiwe mahali pake. Viti vikasukumwa chini ya meza. Kofia zikarudi vichwani. Jikoni, mpishi aliyekuwa ametoa sambusa kwenye kikaango akazirudisha kwenye mafuta.

Wimbo ulipokwisha Rais alikula, akashiba, akatazama mawaziri wake waliopangwa kwa ukubwa, wa kwanza mpaka wa mwisho, akaona huruma. Akatangaza kwamba tangu siku ile mawaziri wote ni sawa. Makatibu wakuu wote ni sawa. Wakurugenzi wote ni sawa. Raia hakuwataja, kwa kuwa wao walikuwa sawa tangu zamani.

Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa Gharib Makeke, Waziri wa Dharura, aliomba aunganishwe na Mheshimiwa Elinami Kishada, Waziri wa Sherehe, ili wapongezane. Zawena akawaunganisha. Wakapongezana vizuri sana. Mheshimiwa Makeke alisema usawa ni jambo jema, Mheshimiwa Kishada akasema ni jema sawasawa. Halafu mazungumzo yakafika mwisho.

"Haya basi, Mheshimiwa," alisema Makeke.

"Haya, Mheshimiwa," alisema Kishada.

"Basi haya."

"Ee, haya."

Kisha kimya. Kila mmoja akawa anangoja mwenzake akate. Zamani Makeke, aliyekuwa wa nne, angemkatia Kishada, aliyekuwa wa tisa, bila hata kuaga. Lakini sasa hapakuwa na mkubwa. Yule ambaye angeweka kwanza labda angeonekana amejifanya mkubwa, na hiyo ni kumpinga Rais. Au pengine angeonekana amechoka kusubiri, na anayechoka ni mdogo. Kanuni haikusema. Zawena, aliyesikia kimya hicho kwenye vipokeasauti vyake, alisisimka mwili mzima. Alikuwa hajawahi kusikia adabu kubwa namna ile.

Saa ya chakula ilipofika, Makeke akauweka mkonga juu ya mto wa mahameli, na akamteua Bwana Likoko, kijana mnene wa masijala, kuwa Afisa Pumzi. Kazi yake ilikuwa kuupumulia mkonga, na mara mojamoja kukohoa, ili upande wa pili ujue Mheshimiwa bado yupo. Upande wa pili nao, kwa kusikia, walikuwa wameteua wa kwao.

Katibu Mkuu akampongeza Katibu Mkuu mwenzake. Mkurugenzi wa Ajali akampongeza Mkurugenzi wa Vigelegele. Kabla ya wiki kufika katikati, taa zote sita za Zawena zilikuwa nyekundu, na kwenye laini zote sita hapakuwa na neno hata moja, ila pumzi.

Na mvua ikaanza kunyesha milimani.

* * *

Wizara ilitangaza kwamba kuna hitilafu kwenye laini za nje. Ikaundwa Tume ya Kuitafuta Hitilafu. Mwenyekiti wake aliapishwa, na mafundi wa Shirika la Simu wakaitwa waje na ngazi zao.

Ukazuka ubishi mzuri. Wizara ilisema hitilafu iko nje, kwa hiyo ni ya Shirika. Shirika likasema hitilafu iko ndani, kwa hiyo ni ya Wizara. Waya zote sita ziliingia jengoni kupitia tundu moja la ukutani, na tundu hilo likageuka mpaka wa kimataifa. Wajumbe wa Wizara waliketi ndani, wa Shirika wakaketi nje wakinyeshewa, na hoja zikapitishwa kwenye tundu. Siku moja nzima ilitumika kujadili unene wa ukuta ni wa nani.

Mtu pekee aliyefanya kazi alikuwa Injinia Dastan Kiluvya wa Shirika, mrefu, mwenye uso usiocheka na macho yasiyotulia. Alikuja na simu yake ya kupimia iliyoning'inia kiunoni, akafungua kisanduku cha tunduni, akaigusisha laini ya kwanza, akasikiliza. Akagusa ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Akachomoa kadi moja ya mtambo, akaipuliza vumbi, akairudisha. Kisha akaingia swichibodi, akaketi kando ya Zawena.

"Laini zako nzima, dada," alisema. "Mtambo mzima. Waya mzima. Nimekuta watu wanapumua."

"Hao ni waheshimiwa," alisema Zawena kwa fahari.

"Nimewatambua. Mmoja ana mafua." Akakuna kidevu. "Hitilafu ikiwa kwenye waya, nabadilisha waya. Ikiwa kwenye kadi, nabadilisha kadi. Hii iko kwenye mheshimiwa. Nitabadilisha nini?"

Zawena akamwambia aangalie maneno yake. Kiluvya akasema anayaangalia sana, ndiyo maana ripoti yake kwa Tume ingesema tu kwamba uchunguzi unaendelea vizuri na unahitaji posho. Akaagiza chai na kujiegemeza. Ripoti ilipokelewa kwa makofi.

* * *

Alhamisi, mvua ikiwa inashuka kama inamwagwa kwa ndoo, Bi Chausiku aliingia swichibodi akiwa amelowa chapachapa, na kichwani ana kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye kanga.

"Mama," alisema Zawena, "mbona umebeba cherehani?"

"Nishikie kwanza." Akakitua juu ya meza, katikati ya karatasi. "Maji. Mto umekuwa mwekundu, umeshakula migomba ya akina Semkiwa. Yule mlinzi wa bwawa anapiga kelele huko juu kwa kipaza sauti. Anasema ikifika jioni yanaruka ukuta."

"Si afungue lango?"

"Anasema hana ruhusa. Amepiga simu hapa tangu asubuhi, anaambiwa laini zote zinatumika." Bi Chausiku alimtazama binti yake kwa utulivu uliomkosesha Zawena pa kuweka macho. "Anasema sauti inayomwambia hivyo ni nzuri sana. Nikamwambia ni ya mwanangu."

Zawena akamtaka mama akae, anywe chai, alale kwake. Bi Chausiku akakataa. Shangazi Mwasiti hawezi kutembea, alisema, na amekataa kubebwa na vijana eti wana mikono baridi. Yeye mwenyewe amekuja kuleta cherehani tu kwa sababu ndiyo inayomlisha. Sasa anarudi kukaa na wifi yake.

"Mama, mkikaa mtazama."

"Basi wewe si uko kwenye Dharura?" alisema Bi Chausiku, na akatoka, akijifunika kichwa kwa mfuko wa nailoni.

Zawena aliinua macho kwenye ubao. Taa sita nyekundu. Wiki nzima alikuwa akiziona nzuri.

Akapanda mbio mpaka ofisi ya Waziri. Mheshimiwa Makeke alikuwa mezani na paja la kuku, na pembeni yake Likoko amepiga magoti mbele ya mto, akipumua kwa mpangilio. Zawena alieleza yote, kwa ufupi na kwa adabu. Waziri alimsikiliza kwa masikitiko ya kweli.

"Huyo mlinzi apige simu," alisema. "Mimi nipo."

"Laini zimejaa, Mheshimiwa. Mojawapo ni hii hapa."

"Naiona."

"Mheshimiwa ukiweka chini kwa nafasi ya neno moja tu..."

Makeke akaufuta mdomo kwa leso, taratibu, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. "Bi Zawena, wewe ndiye uliyewafundisha adabu hii hata watoto wangu. Nikiweka chini kwanza, mimi nitakuwa nani?"

Zawena alifungua mdomo ajibu, akakumbuka kwamba jibu la swali hilo alikuwa amelifundisha mwenyewe, kwa miaka, kwa kutumia fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Akapiga goti kidogo, akashuka ngazi.

* * *

Chini alimkuta Kiluvya akikitazama kichwa cha cherehani.

"Chomoa waya," alisema Injinia bila kugeuka. "Waya mmoja tu. Utaona hitilafu inavyopona."

"Uchomoe wewe."

"Mimi? Nina watoto. Sitaki kuzeeka nasikiliza hotuba ya subira."

Hata Zawena hakutaka. Aliketi, akavuta droo walimoweka kanda za kuwachezea watu wanaosubiri. Palikuwa na hotuba ya subira. Palikuwa na sauti ya ndege, zawadi ya Wizara ya Misitu kabla ya misitu kwisha. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, palikuwa na Wimbo wa Taifa, wa kutumika sikukuu.

Aliishika kanda hiyo kwa muda. Kila mtu na kila kitu mahali pake.

"Injinia," aliuliza polepole, "mahali pa mkonga wa simu ni wapi?"

Kiluvya akageuka. Macho yake yakatulia kwa mara ya kwanza tangu afike, na kwenye kona ya mdomo pakatokea kitu ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa tabasamu. Akanyanyuka, akajiweka wima kabisa, akasukuma kiti chake chini ya meza.

Zawena aliitia kanda mashineni, akazisubirisha laini zote sita kwa pamoja, akaufungulia Wimbo pande zote mbili.

Watu waliokuwapo wanasimulia hivi. Bwana Likoko alisikia tarumbeta zikitoka kwenye mto. Aliruka kama ameketi kwenye kaa la moto, akautazama mkonga uliolala kifudifudi wakati Taifa linaimbwa, akaurudisha kwenye simu yake, akakakamaa. Mheshimiwa Makeke alisimama, akalirudisha paja kwenye sahani, kwa kuwa kuku mwenyewe hakuwapo wa kurudishiwa. Ng'ambo ya mji, kwa Mheshimiwa Kishada, mambo yalikuwa hayohayo, na kwa makatibu, na kwa wakurugenzi. Mikonga kumi na miwili ilishuka kwa pamoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema ni upi ulitangulia.

Kwenye ubao taa zilizimika zote. Zawena alikuwa amesahau ubao huo unafanana vipi ukiwa mtulivu.

Laini ya kwanza ikalia.

"Wizara ya Dharura, nikusaidie nini?"

Upande wa pili palikuwa na kishindo cha maji, halafu sauti ya woga. "Ni Lusimbi wa bwawani. Bi Zawena, ni wewe mwenyewe au ile kanda?"

"Ni mimi."

"Maji yamefika ukingoni, dada. Yananichungulia dirishani."

Alimuunganisha na Waziri kabla hajamaliza.

* * *

Mheshimiwa Makeke alitoa ruhusa. Lazima tumtendee haki: aliitoa vizuri. Alianza na salamu kwa wananchi wa milimani, akapita kwenye historia ya maji, akamshukuru Rais kwa mvua, na akafika kwenye neno lenyewe bila kuchelewa kupita kiasi. "Lango lifunguliwe," alisema, na akakohoa kikohozi chake halali. Lusimbi akaitika, akashukuru.

Kisha Zawena, aliyekuwa akisikiliza huku ameshika ukingo wa meza, akasikia kimya.

Makeke alikuwa ameunyanyua mkono ili akate, mara wazo likampitia. Wakati wa Wimbo, je, Kishada alikuwa ameweka kwanza, au ni yeye? Hakujua. Na mtu asiyejua hilo, akionekana tena siku hiyohiyo anaweka simu chini, watu watasema ana mazoea ya kuweka-weka. Busara ilikuwa kutoweka tena chochote mpaka Tume ichunguze. Akaulaza mkonga juu ya mto. "Likoko," alisema, "endelea."

Zawena akaingilia laini. "Bwana Lusimbi, umesikia ruhusa. Nenda kafungue lango."

"Mheshimiwa hajaweka."

"Ameshamaliza. Weka chini uende."

"Namsikia anapumua."

"Huyo ni Likoko wa masijala."

"Hata kama ni Likoko," alisema Lusimbi, "anapumua kwa niaba."

"Lusimbi, nakuambia mimi. Weka simu chini."

Kishindo cha maji kilijaza laini. Aliposema tena, sauti ya Lusimbi ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka na sasa anaonyeshwa kamba. "Wewe, dada? Wewe ndiye uliyenileta huku kwa kuweka mapema. Nilikuwa nina dawati langu, nina feni. Leo unaniambia weka. Siweki. Nitasimama hapa na mkonga wangu mpaka maji yanifike shingoni, na hata hapo mtakuta nimeushika kwa mikono miwili."

Lusimbi alikuwa mwanafunzi wake bora.

Wimbo usingerudiwa siku ile. Kupanda tena ngazi kumwomba Makeke kungekula muda ambao Bondeni haikuwa nao. Zawena alikitazama kichwa cha cherehani mezani. Kilikuwa kinadondosha maji taratibu juu ya Mwongozo wa Adabu za Simu, toleo la tatu, ulioandikwa na yeye mwenyewe. Kwenye sindano palikuwa bado na uzi wa bluu, wa sare ya mtoto wa mtu.

Alijua waya wa laini ya kwanza uko wapi. Ulikuwa umebana, na plagi yake haikuwa imeguswa tangu swichibodi ijengwe. Kiluvya, aliyekuwa amesimama palepale, aligeukia ukutani akaanza kuusoma kwa makini, ingawa haukuwa umeandikwa kitu.

Zawena akaikamata plagi kwa vidole vyake vya hina, akavuta. Ukucha ukakatika. Plagi ikatoka.

Kule juu Lusimbi akasikia mlio mrefu wa laini tupu. Akaushukuru, akauweka mkonga kwa mikono miwili, akatoka mbio mvuani kulifungua lango.

* * *

Bondeni ililowa magoti ikaishia hapo. Shangazi Mwasiti alibebwa na maji hatua chache akiwa juu ya kitanda chake, na anasema yalikuwa na mikono ya upole kuliko vijana.

Tume ilikaa kesho yake, kwa jambo zito zaidi. Likoko alikuwa ameapa kwamba Mheshimiwa hakuweka simu, na bado simu ilikatika. Waziri wa nchi alikuwa amekatiwa. Zawena aliitwa, akaketi kwenye benchi la ukutani, ukucha mmoja haupo, akiifikiria hotuba ya subira, ambayo alikuwa akiijua yote kwa moyo. Aliyekuwa wa kwanza kuhojiwa alikuwa mkatiwaji mwenyewe.

"Mheshimiwa," aliuliza Mwenyekiti, "kuna mdogo wako yeyote aliyekukatia simu?"

Makeke alitoa macho. "Mdogo wangu anikatie mimi? Hilo kisheria haliwezekani."

Mwenyekiti akaandika. Akauliza kama basi ni waziri mwenzake. Makeke akasema waziri mwenzake ni sawa naye, na sawa hakati, jambo ambalo wiki nzima ilikuwa imelithibitisha. Aliyekata hakuwa mdogo, hakuwa sawa. Wajumbe walitazamana, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kusimama na kufunga vifungo vya mashati.

Ili kuondoa shaka aliitwa mtaalamu. Injinia Kiluvya aliapa, akaeleza kwamba ameichunguza plagi kwa darubini na kukuta juu yake alama za mkono wenye mamlaka makubwa. Pia alikuwa amekuta kipande cha ukucha chenye hina. Kielelezo hicho alikuwa amekitia kwenye mfuko wa shati kwa usalama, na hakuna aliyekiona tena.

Ujumbe ulipelekwa Ikulu kumuuliza Rais kama ni yeye. Mtukufu alifikiri sana. Alikumbuka kwamba siku ile alikuwa amelala mchana, na kwamba alipoamka alijisikia vizuri, kama mtu aliyefanya jambo. Akakiri kwa unyenyekevu. Redio ikatangaza jinsi Mkata Simu wa Kwanza, akiwa kitandani, alivyoiona hatari ya Bondeni, akanyoosha mkono. Akapewa nishani. Makeke akapewa nishani ndogo kwa kukatiwa na mtu wa maana. Kishada akapewa inayofanana nayo kabisa.

Kwenye swichibodi wakapigilia kibao cha shaba juu ya plagi: MKONO WA MTUKUFU. USIGUSWE. Hauguswi, ila na mtu wa kuufuta vumbi. Na kila siku baada ya chai ya saa nne, taa sita zikiwa zimeshakuwa nyekundu, Zawena anaufuta vumbi, na kwa kuwa vumbi halichagui, anafuta na plagi tano za jirani. Simu zinakatika, na wakubwa wa pande zote mbili wanasimama na kuushukuru mlio. Hata Lusimbi amerudishiwa dawati na feni, japo hakuna anayejua nani aliyempigia debe.

Jumapili Zawena alimrudishia mama yake cherehani. Alimkuta barazani, matope yameshazolewa, redio inasimulia habari za Mkono kwa mara nyingine tena.

"Kweli Rais ni mtu," alisema Bi Chausiku. "Kutoka Ikulu mpaka huku. Na wewe uliyezungukwa na simu?"

"Laini zilikuwa na shida, mama."

"Ee. Nilisikia." Bi Chausiku aliufunga mkanda wa cherehani, akazungusha gurudumu kidogo kuona kama linakwenda. Halafu akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza, akaukuta ule ukucha, akaupapasa kwa kidole gumba bila kuuliza. Akanyoosha mkono mwingine na kuipunguza redio.

"Ukimwona Rais," alisema, "mwambie hina yake imechubuka. Aje Ijumaa nimpake."